Walimshuhudisha Mpaka Akavuta

Wazazi wenzangu wakimbizi wa Nakivale, na ninyi ndugu wa Mbarara mnaopokea watoto wetu, tegeni masikio. Sisemi habari ya mbali. Nasema ya nyumba inayopakana na yangu, ukuta kwa ukuta, na nimechoka kuinyamazia.

Jumapili ile palikuwa shwari. Ibada ilikuwa imekwisha, sombe ya majani ya muhogo inachemka, na jirani yangu Prince, fundi cherehani, alikuwa mlangoni akimshonea binti yake Joie gauni la kitenge. Mkewe Eliane alikuwa akimsuka mtoto nywele. Prince alikuwa na miezi sita bila bangi, baada ya kuivuta miaka saba. Karibu miezi yote hiyo aliishi Kakiika, karibu na Mbarara, akikamua ng'ombe wa Mzee Twaibu na kwenda kliniki mjini Mbarara kila Alhamisi. Alirudi amenenepa, analala vizuri, anacheka. Eliane alimpokea kwa neno moja: "Ukivuta tena, mi na Joie tunaenda. Sitarudilia kusema." Na Eliane si mtu wa kurudia.

Ndipo akaingia Libère, shemasi wa chumba cha maombi, na koti la suti kwenye jua lile.

"Ndugu Prince, Bwana asifiwe! Mercredi, ile Jumatano ya maombi, utatutolea ushuhuda. Batu banakungojea."

"Shemasi, mi sipendi kusemasema ile mambo," Prince akajibu. "Nikisema, inanirudilia mu kichwa."

Mama yake, Georgette, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Inakurudilia nini? Mungu amekuponya, sasa unamufunga Mungu kinywa? Shemasi, atakuja. Mi mwenyewe nitamuleta."

Akaletwa. Akasimulia, na watu wakasogeza viti mbele. Libère akapaza sauti: "Baonyeshe namna ulikuwa unakunja!" Prince akachukua karatasi ya matangazo, akaikunja kwa vidole viwili, akailamba ukingo. Vijana wakacheka. Akina mama tukapiga vigelegele, hata mimi niliyesoma mpaka diploma. Hakuna aliyemfuata alipomaliza. Alitoka nje akanywa vikombe vitatu vya maji, shati limelowa jasho.

Nawauliza: mtu aliyepona malaria, mnampeleka bwawani kila Jumatano awaonyeshe mbu?

Lakini ushuhuda ulipendwa. Akaitwa kwenda Juru, akaitwa kwenda Rubondo, mitaa mingine ya kambi, na kila mahali ni kukunja karatasi. Nyumbani, Georgette alimngoja kila jioni. "Leta shati ninuse. Nyosha mikono. Fungua macho." Kazini alirudishwa kwenye baraza lake la zamani kwa sababu cherehani ilikuwa pale pale. Nyuma ya baraza hilo, upande wa pili wa ukuta wa matete, Mihigo na wenzake huvuta kila siku saa nane mchana. Moshi haujui ukuta.

"Mutumishi wa Mungu!" Mihigo alikuwa akimwita. "Leo hautubariki?"

Eliane aliona mumewe ameanza kunyamaza na kukosa usingizi. Akampeleka tena Mbarara. Georgette akafuata, nami nikafuata ili niweke amani. Muuguzi wa kliniki, Bi Safinah, hakupoteza muda.

"Kule Kakiika, hamu ilikuja mara ngapi?"

"Mwanzo, kila siku. Nyuma yake, labda mara moja kwa juma."

"Na Nakivale?"

Prince akatazama sakafu. "Kila siku saa nane, nikisikia moshi. Kila mara ninashuhudia. Na Maman akininusa."

"Nyabo, mama yangu, umesikia?" Safinah akamgeukia Georgette. "Ubongo wake umefunga bangi pamoja na ile fasi, mahali pale anaposhonea, ile saa, wale marafiki, hata na kukunja karatasi. Akiona kimoja, unadai bangi. Mkimpa mawazo mengi, unadai kwa nguvu zaidi. Hamu inapanda, halafu inashuka. Lazima apate mahali pa kuondoka, atembee dakika ishirini hivi, ishuke. Mtoeni kwenye ile baraza. Acheni kumnusa. Na michezo ya kukunja, basi."

"We ni muislamu, mama docteur," Georgette akasema. "Mambo ya ushuhuda huwezi kuyajua."

Safinah akacheka. "Nyabo, hata msikitini watu wana ubongo."

Mnadhani alisikia? Kabla hatujafika nyumbani, Georgette alikwisha kumpigia Libère simu na kumwahidi Prince kwa mkutano mkubwa wa Ijumaa.

Ijumaa hiyo asubuhi waliletewa habari kwamba mahojiano yao ya kuhamia ng'ambo, waliyoyangoja miaka minne, yameahirishwa bila tarehe. Prince alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali. Badala ya kumwambia pole, Georgette akaja barazani.

"Uso gani huo? Umevuta?"

"Sijavuta, Maman."

"Nipe mikono!"

Na kweli alikuwa hajavuta. Saa nane moshi ukapita juu ya matete. Mihigo hakumwita siku hiyo. Prince aliinuka mwenyewe.

Saa kumi alisimama mbele ya umati. Mtu tayari alikuwa amemwekea karatasi mezani.

"Ushuhuda wangu ni mufupi," akasema. "Nimevuta leo, saa nane. Zaidi ya miezi sita sikuvuta. Nimechoka kukunja makaratasi mbele yenu."

Libère akanyakua kipaza sauti na kuanzisha wimbo ambao hakuna aliyeupokea. Georgette akalia kwamba ametiwa aibu. Yeye! Eliane akainuka, akamfunga Joie mgongoni, akaondoka bila kumtazama mtu.

Sote tukasema: basi, ndoa imekwisha. Prince naye alijua hivyo. Alimkuta mkewe akifunga nguo kwenye gunia, na mimi nilisikia kila neno kupitia ukuta.

"Najua ulisema," Prince alimwambia.

"Nilisema tunaenda. Hii fasi inakuvutisha, na bale batu banakuvutisha. Beba ile cherehani. Ama unataka mi niibebe?"

Kesho yake asubuhi walikwenda Kakiika wote watatu. Prince anashona katika chumba cha nje cha Mzee Twaibu. Hamu bado humjia, hasa siku za habari mbaya, na huenda kuzunguka zizini mpaka ishuke. Aliteleza mara moja tena, akamwambia Safinah siku ile ile, na Eliane alikuwa amekaa karibu naye.

Georgette huja kwangu kila Jumapili kulia kwamba Eliane amemwibia mtoto na mjukuu.

"Nimebakia peke yangu, Maman Sifa. Joie anaota meno mupya na mi sioni."

"Panda gari uende," humwambia. "Ila usimnuse baba yake."

Mpaka leo hajaenda.

FUNZO

Anayeacha bangi hapigani na nia yake peke yake. Anapigana na mahali, saa, harufu, marafiki, na zaidi ya yote mawazo mazito. Sala ni njema, nami nasali, lakini ondoeni kiti chake karibu na moshi kwanza. Msimfanye onyesho, wala msimpekue kama mwizi. Akiwaambia "jambo hili linanirudia kichwani", mwaminini siku hiyo hiyo, maana hakuna mtu mwingine anayeweza kulisikia likija.