Marehemu Aliyenyimwa Matanga

Wali ulikuwa umeshuka.

Suk-hui aliujaza mwenyewe kwenye bakuli la shaba, ukapanda kilima juu ya ukingo kama wali wa marehemu unavyotakiwa kupanda. Alisimamisha kijiko katikati, akafunga mlango wa karatasi ili baba yake ale kwa faragha, kisha yeye na mama yake wakasimama nje muda wa mtu kula vijiko tisa. Ilikuwa asubuhi ya sikukuu ya mavuno, jua limeshawaka. Walipofungua, wali ulikuwa umezama hadi nusu ya bakuli, na chumba kizima kilinuka mafuta ya nywele na peremende za mnanaa.

Baba yake hakuwahi kupaka mafuta ya nywele maisha yake yote. Alikuwa fundi wa mapaa.

"Mama, nani kaingia humu?"

"Nyamaza," mama yake, Bun-rye, alinong'ona. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Kula tu, mwanangu. Tule tunyamaze."

Suk-hui alionja samaki aliyewekwa kando ya wali. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna chochote, akatema. Marehemu mwenye adabu hunusa tu, akawaachia walio hai ladha yao. Huyu alikuwa amekomba.

Nitawaambia alikuwa nani, na mnisamehe nikipandisha sauti, maana mimi ni mtu wa bonde lile na hasira hii nimeibeba miaka. Chini ya Mlima Gyeryong, kwetu Korea, enzi zile, kila bonde lilikuwa na mungu wake. Wa kwetu aliitwa Tak Cheon-il. Alikuwa mchuuzi wa mizizi ya dawa, akaugua homa, akapanda mlimani siku mia, akashuka akijiita Baba wa Asubuhi. Akasema yeye hafi, na anayemwamini naye hafi. Watu mia nne wakauza mashamba yao, wakahamia bondeni kumzunguka. Bun-rye akawa mpishi wake. Miaka thelathini na mmoja alimpikia uji huyo mtu, na mumewe, Maeng Deok-su, akamfuata mkewe huko kwa kuwa alimpenda, basi.

Deok-su alipovimba tumbo, Tak alisema mbele ya watu wote, "Anayekwenda kwa daktari ameniita mimi mwongo." Akampa maji ya kisima chake. Deok-su akanywa maji miezi kumi na mmoja, akafa akiuma mto ili majirani wasimsikie. Na baada ya hapo, sikilizeni unyama huo, wakakataza asiandaliwe meza ya marehemu, kwa sababu aliyekufa hakuamini. Yaani mtu unamuua, halafu unamwambia kosa ni lake!

Suk-hui aliondoka wiki ile ile. Alikwenda Daejeon kushona mashati kiwandani, na kwa miaka tisa hakutia mguu bondeni. Kilichomrudisha ni simu kutoka duka la kijiji. Jirani alimwambia, "Njoo umwone mama yako. Amebaki mifupa." Akaja. Alitaka kumchukua mama yake akaishi naye mjini, na kabla ya kuondoka akaona amwandalie baba yake meza, mara moja hii, kwa haki yake. Akafungua mlango, akaita marehemu aje ale. Aliyekuja si aliyeitwa.

Siku ya pili Bun-rye alikula mabakuli sita ya wali. Jioni akawa mwembamba zaidi ya asubuhi. Siku ya tatu Suk-hui alikuwa uani anaosha kabichi za kuchachusha kimchi, akasikia ndani ya nyumba fimbo inagonga sakafu, ko, ko, ko, na kikohozi kizito cha mzee mwanamume, na alijua nyumbani hamna mwanamume. Alipochungulia, mama yake alikuwa peke yake, amekaa mahali penye joto zaidi chumbani, pa mkuu wa nyumba, amekunja miguu kiume, kidevu juu.

"Uji wangu uko wapi?" aliuliza Bun-rye. Sauti haikuwa yake. "Mbona hamniletei? Nimewakosea nini?"

"Mama?"

"Mia nne nyie, hakuna hata mmoja wa kuniletea uji?"

Kisha macho yakamlegea, akawa Bun-rye tena, akaanza kulia kimya kimya na kujifuta mdomo.

Suk-hui alimtafuta Mzee Pyo. Huyu ndiye aliyeongoza watu bondeni tangu Baba wa Asubuhi alipoacha kuonekana, miaka mitatu iliyopita. Wakuu walisema amepanda mlimani kusali. Pyo alikuja na suti yake ya kijivu, akavua viatu, akakaa. Ile harufu ya mafuta ya nywele ikaja kumlaki. Nilisimuliwa kwamba jasho lilimtoka hadi kwenye kola.

"Dada Bun-rye amechoka," alisema haraka. "Mpe mapumziko."

"Mzee, huyo Baba yenu yuko wapi?"

"Anasali."

"Miaka mitatu? Hali, hanywi?"

"Binti, chunga ulimi."

Hapo Bun-rye, aliyekuwa amelala amegeukia ukuta, akasema kwa ile sauti, polepole, "Pyo. Sakafu yako ni nzito, Pyo. Inanikandamiza kifua." Mzee Pyo hakusubiri kuvaa viatu. Alitoka na soksi hadi barabarani, suti na heshima zake zote, na Suk-hui akabaki ameangalia vile viatu vyeusi mlangoni.

"Mama," alisema alipogeuka. "Sema. Sasa hivi."

Bun-rye akasema. "Alikufa, mwanangu. Tulikuwa watano. Tulimzika chini ya sakafu ya ukumbi wa sala, na watu wanasujudu juu yake hadi leo. Mzee Pyo alituapisha tusilie. Hata chozi moja. Hatukumvalisha, hatukumwita jina, hatukumwekea hata kikombe cha maji."

"Na amekuja hapa."

"Angekwenda wapi? Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Kwenye njia panda ya kwenda mjini aliishi mganga mmoja, Bi Eom, mwanamke mfupi, mvuta sigara, mwenye ngoma iliyopasuka pembeni. Walimwendea, akawasikiliza mpaka mwisho, akacheka bila furaha.

"Wa nane huyu," alisema. "Wa nane kutoka mlima ule ule! Mmoja alisema ni Buddha ajaye. Mwingine Kristo aliyerudi. Kuna mama mmoja alisema ameolewa na mbingu, na kuna mmoja aliwanywesha watu maji aliyonawia miguu, nao wakapanga foleni. Ukiwasikia utadhani ni dini nane. Wapi! Wote walianza na homa, mlima, ndoto, na mgonjwa mmoja aliyepona kwa bahati yake. Tofauti yao nimeiona wakishakufa tu. Walioliliwa na watu wao, wamelala. Huyu wenu hajaambiwa kwamba amekufa. Anadhani mmemsusa."

"Basi mwambie wewe," alisema Suk-hui.

"Mimi ananijua? Atamsikiliza aliyemlisha." Bi Eom akamgeukia Bun-rye. "Mama Suk-hui, una nguo yake?"

Bun-rye aliinamisha kichwa. Alikuwa na koti lake refu jeupe, amelificha sandukuni tangu siku ya maziko.

"Vizuri. Utapanda nalo juu ya paa kama tunavyomfanyia maiti yeyote, utazame kaskazini, utaje jina lake mara tatu na kijiji alichozaliwa. Ila wengine tunawaambia rudi. Yeye utamwambia umekufa. Mchana, kwa sauti, watu wasikie, maana siri hiyo ndiyo inayomshikilia. Atashuka aingie kwenye koti. Ukimaliza, unirushie nilichome papo hapo."

"Siwezi," alisema Bun-rye.

"Mama!"

"Nikisema amekufa, miaka yangu thelathini na mmoja ilikuwa ya nini? Na baba yako alikufa kwa ajili ya nini?"

"Alikufa kwa ajili ya maji ya kisima, Mama. Hilo tu."

Walirudi nyumbani, na pengine Bun-rye angeng'ang'ania hivyo hivyo mpaka akazikwa, lakini asubuhi iliyofuata Suk-hui alijaribu tena kumwandalia baba yake, akaandika jina lake kwenye kipande cha karatasi kama inavyoandikwa, akakibandika ukutani, akawasha ubani, na moshi ulipokuwa bado haujapanda vizuri ile fimbo ikaanza kugonga, si sakafuni sasa bali ndani ya ukuta, kisha chini ya meza, kisha karibu kabisa na sikio lake, na harufu ya mnanaa ikawa kali hata ikamchoma macho, na kabla hajageuka mama yake alimpita akitembea kama mzee mwenye gauti, akabandua ile karatasi yenye jina la Maeng Deok-su, akaikunja mara mbili kwa utulivu, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu huku akimwangalia binti yake, akaimeza, akanyoosha bakuli aongezwe.

Bun-rye alipozinduka alikuwa na wino kwenye ulimi. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Lete ngazi," alisema.

Saa nne asubuhi alipanda. Vigae vya paa lile aliviweka Deok-su kwa mikono yake. Suk-hui alishika ngazi chini, na Bi Eom aliwasha kuni uani. Watu wa bondeni walikuwa wanatoka kwenye sala, walipoona koti jeupe juu ya paa walisimama, kisha wakakimbia kuja, Mzee Pyo mbele yao akipiga kelele, "Shuka, dada! Umechanganyikiwa! Shuka!"

Bun-rye alitazama kaskazini, akalishika koti kwa ukosi na kwa kiuno.

"Tak Cheon-il wa kijiji cha Saebat!" Sauti ilikuwa nyembamba, ikavunjika. "Tak Cheon-il wa Saebat! Tak Cheon-il! Umekufa!"

Chini, mwanamke mmoja aliangusha mtoto aliyembeba mgongoni. Upepo haukuwepo, lakini koti lilijaa ghafla, mikono ya koti ikavimba, likamvuta Bun-rye hatua mbili juu ya vigae. Na yeye akazidi kupaza sauti. Kitu kilikuwa kimefunguka ndani yake, hakikuwa na kifuniko tena.

"Umekufa! Umekufa kwa mapafu, mimi nilikufunga kidevu kwa kitambaa! Unataka uji? Nilikuletea uji! Nilikuletea hospitalini! Ulilala hospitali Seoul kwa jina la mtu mwingine, siku arobaini, wakakupasua tumbo ukapona, na siku hizo hizo mume wangu alikuwa huku anakunywa maji ya kisima chako!"

Chini ya ngazi, Suk-hui aliinua uso kumtazama mama yake. Mama alijua. Miezi ile yote mama alijua dawa iko wapi. Alipanda basi na chungu cha uji mapajani, akarudi, akakaa kando ya mume wake, akamshikia kikombe cha maji.

"Wewe ulijua," alisema, hakuna aliyemsikia. Alitamani kuisukuma ile ngazi. Nasema ukweli: alitamani.

Juu, koti lilitulia. Harufu ya mnanaa iliyokuwa imejaa uani ilikatika kama taa. Kikohozi, fimbo, vyote vikawa hakuna. Bun-rye alisimama anahema, mashavu yana damu kwa mara ya kwanza baada ya miezi, koti limelala mikononi mwake, zito.

"Lirushe!" Bi Eom alipiga kelele. "Mama Suk-hui, lirushe sasa!"

Watu walikuwa wameanza kulia. Kilio cha kweli, cha miaka mitatu, wengine wanajipiga kifua, wengine wanamtazama Mzee Pyo kwa namna isiyopendeza. Pyo aliona. Mshenzi yule alikuwa mwepesi, hilo sitamnyima. Alitazama watu, akatazama paa, akatazama koti, kisha akaanguka kifudifudi kwenye vumbi.

"Mmeona!" alilia. "Amemwita, naye amekuja! Baba ameuvua mwili wa kale! Yumo mikononi mwa Mama!"

Mmoja akapiga magoti. Kisha watatu. Kisha wote mia nne, safu kwa safu, mpaka kwenye mfereji wa mpunga, wakitaja neno moja, Mama, Mama, wakimtazama mpishi aliyekuwa amekula jikoni miaka thelathini na mmoja.

"Usiwasikilize!" Suk-hui alikuwa ameshapanda nusu ya ngazi, amenyoosha mkono. "Nipe hilo koti. Mama, nipe, twende Daejeon. Nitakusamehe. Sijui vipi, lakini nitakusamehe. Nipe tu."

Bun-rye alimtazama. Macho yalikuwa yake, hayakuwa ya mtu mwingine yeyote. Alimtazama kwa upole, kisha akawatazama wale watu, migongo ile yote iliyoinama hadi mwisho wa bonde.

"Inukeni, wanangu," alisema.

Haikuwa ile sauti ya mzee. Ilikuwa sauti ya mama yake kabisa, ile ile aliyokuwa akiwaitia chakula. Bun-rye alilikung'uta koti, akatia mkono wa kulia, akatia wa kushoto, akaanza kufunga utepe kifuani.