Mkono wa Kushoto wa Balthazar

Joto la Februari lilichoma kwelikweli siku ile, na stesheni ya Seven Hills, jijini Sydney, Australia, ilifurika watu waliotoka zamu viwandani. Coletha, Mtanzania wa Iringa, alikaa benchini na gauni lake la njano, kompyuta mapajani, akirudisha nyuma video ileile kwa mara ya sita. Ndiyo kazi iliyomweka mjini: kutazama mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana, kumpa kila mchezaji alama na kuziandikia timu ripoti. Mara kivuli kikamfunika.

"Dada, huyo unamurudisha-rudisha ni mimi."

Akainua macho. Lahaula! Namba tisini na tano mwenyewe, Balthazar, kilo mia moja na hamsini ndani ya kaptura na malapa. Mrundi aliyekulia Campbelltown, miaka kumi na moja akicheza Marekani, sasa yuko likizo kwa mama yake.

"Umenipa ngapi?"

"Sisemi. Kaa kwanza, kama benchi litakubali."

Balthazar alicheka mpaka abiria wakageuka.

Tuseme ukweli, kazi ya Balthazar uwanjani haikuwa ya kushangiliwa. Anasimama katikati ya mstari, majitu mawili yanamvaa, anayazuia palepale ili mwenye mpira akose njia. Halafu mwenzake ndiye anayemwangusha mkimbiaji na kupigiwa makofi. Coletha peke yake ndiye aliyeiona kazi hiyo.

"Hapa umewashika wawili sekunde tatu nzima," alimpigia simu kumwambia, wiki chache baadaye. "Nimekupa alama zote, mpenzi."

"Miaka kumi na moja, cheri, hakuna mtu ameona hiyo."

Wakapendana vibaya mno.

Mwezi wa tatu timu moja ikauliza: huyu mkongwe wa miaka thelathini na nne apewe mwaka mmoja zaidi? Ripoti ikamwangukia Coletha, na kwa ujinga wa mapenzi hakusema kazini kwamba ni mtu wake. Jumapili iliyofuata walikula kwa mama yake Balthazar, Mama Nibigira. Mama alipoingia jikoni, Balthazar akashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kikaanguka.

"Angalia, Coletha. Mkono hii haisikii kitu. Wakinigonga shingo, vidole vinakufa. Daktari wa timu nimemuficha. Ni wewe tu unajua."

Akamtazama kama anayesubiri kitu. Coletha akamkumbatia, machozi yakimlenga.

"Siri yako iko salama, mume wangu."

Balthazar akainama kuokota vipande vya kikombe.

Coletha akachagua video ambazo mkono ule haukuonekana ukining'inia. Akaandika: mikono mizima, nguvu ipo, mpeni mwaka. Alijiona amependa kweli.

Balthazar akasaini mkataba, akarudi Marekani bila furaha. Simu zikawa fupi.

"Uliandika nini?"

"Nilichoandika ndicho kilichokupa kazi. Hata asante hakuna?"

"Asante."

Ikakatwa. Coletha akaapa kwamba huko kuna mwanamke mwingine. Masikini, laiti angekuwepo!

Septemba, wiki ya tatu ya ligi, aliiona kwenye video. Wawili walimvaa Balthazar, akaenda chini, na mikono haikuinuka tena. Kompyuta ikamdai alama ya tukio lile kabla ya kuendelea. Coletha akaifunga bila kujaza, akatoka nje.

Novemba alimkuta Campbelltown, barazani kwa mama yake, kwenye kiti cha magurudumu, shati jeupe likimpwaya.

"Nisamehe," Coletha alisema. "Nilikufichia ili usikose kazi."

"Nilikuonyesha ili uandike, cheri."

"Eti?"

"Nyumba hii yote inakula kwa mwili yangu. Mimi kusema nimechoka, siwezi. Nilitaka mtu anayeona aseme. Ungeandika, ningekuwa hapa, muzima."

"Mungu wangu! Si ungenitamkia, Balthazar?"

"Na wewe si ungeniuliza?"

Coletha akalia kwa sauti, bila kujali majirani. Alipomaliza, Balthazar akauliza polepole, "Ile ya mwisho ulinipa ngapi?"

"Sikuweza. Ila uliwashika wote wawili. Hakuna aliyepita."

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu arudi.

"Nioe," Coletha akasema.

"Usinionee huruma, mama. Nenda nyumbani."

Hakwenda. Akauchukua mkono wa kushoto, akauminya kwa nguvu zake zote.

"Unasikia?"

"Hapana, cheri."

Akaendelea kuuminya.