Kikohozi Nyuma ya Darasa

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka kutoka mto Thuci, filimbi ililia katika Kijiji Namba Tano. Kijiji hicho hakikuwa na jina lingine. Mwaka uliopita serikali ya kikoloni iliwatoa watu mashambani mwao, ikachoma nyumba zao, ikawapanga hapo kama viazi ndani ya gunia, kisha ikaliita jambo hilo "dharura". Filimbi ya kwanza iliwaita akina mama kwenda kuchimba handaki la kukizunguka kijiji. Ya pili iliwaita watoto shuleni.

Asubuhi ile Ntinyari, msichana wa miaka kumi na miwili, alimsaidia mama yake kumfunga mtoto mgongoni. Mdogo wake huyo wa kiume aliitwa Bundi, hata miaka miwili hajatimiza. Alikuwa akikohoa kwa siku ya tatu, na kila alipovuta pumzi mbavu zake zilibonyea.

"Mama, si umwombe tena Mzee Runji pasi ya hospitali?"

"Niliomba juzi, nikaomba jana," alijibu mama yake, Ciakuthii, akichukua jembe. "Anasema handaki kwanza. Wewe nenda ukasome. Leo tunachimba nyuma ya darasa lenu, sitakuwa mbali."

Runji ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji. Bila karatasi yake hakuna aliyevuka lango, hata awe anakufa.

Shuleni kulikuwa na pilikapilika. Mkaguzi wa shule, Mzungu, alikuwa anakuja! Mwalimu Salesio, kijana mwenye koti moja na Kiingereza kingi, alikuwa ametundika ukutani picha kubwa ya bahari, meli na garimoshi. Hakuna mtoto hata mmoja mle ndani aliyewahi kuiona bahari.

"Mkiulizwa mnaona nini, mtasemaje?"

"I am seeing a ship!" akafyatuka Mwongera, mtundu wa darasa.

"Wee Mwongera! Nimesema mara ngapi? Kuona, kusikia, kunusa, Mwingereza huyatangulizia neno la uwezo. I can see. I can hear. I can smell. Ikiwa ni jana, basi I could see, I could hear."

Mwongera akakuna kichwa. "Mwalimu, yaani hata kuona kunataka pasi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alijaribu kukaza uso, akashindwa. "Hapana. Pasi huandikwa na mtu mwingine. Huu ni uwezo wako mwenyewe, ilimradi una macho. Haya, tena!"

Gari likanguruma nje. Kila mtu akanyooka kama mshale. Mkaguzi aliingia akipangusa vumbi, na Runji akasimama mlangoni, kiboko kwapani.

"I can see a ship! I can see a train!" waliimba watoto mpaka bati likatetema.

Mkaguzi alipiga miayo. Bila shaka shule zote za wilaya zilikuwa na picha ileile. Akaishusha ukutani, akaikunja, akasukuma dirisha. Kwa Kiingereza cha polepole akawaambia wafumbe macho, kisha wamweleze wanachosikia.

Hakuna aliyefundishwa jibu la swali hilo.

"I can hear the sea!" Mwongera akajitosa.

"Bahari ipi?" aliuliza mkaguzi, na nyusi zikampanda.

Wenzake walicheka, lakini Ntinyari hakucheka. Macho ameyafumba, alisikia majembe yakigonga mawe. Kisha akasikia kikohozi, kikavu na kifupi, na baada yake mlio kama wa mlango wenye kutu. Alijua Mwalimu anataka jibu zuri. Alijua Runji anatazama. Alijua pia kwamba gari lililo nje lingeondoka baada ya dakika chache, nalo ndilo gari pekee lililofika kijijini mwezi ule.

Akasimama, akafumbua macho, akatazama nje ya dirisha.

"I can hear my brother," alisema. "He is coughing. I can see my mother. She is digging, and he is on her back."

Mkaguzi akageuka dirishani kumtafuta huyo mama anayechimba na mtoto mgongoni. Ntinyari hakungoja kuulizwa. "Last night I could hear his chest. He cannot breathe well. Three days, sir. No pass."

"Mwongo huyo, bwana!" Runji akabweka kwa Kiswahili. "Baba yake yuko kizuizini. Watu wa namna hiyo hawana ukweli. Hakuna mtoto mgonjwa hapa!"

Mkaguzi akalitazama darasa. Akauliza kama kuna mwingine aliyesikia.

Kiboko cha Runji kilikuwa tayari kimeshuka kutoka kwapani hadi mkononi. Basi, mnajua nani alisimama? Mwongera!

"I can hear him, sir!"

Akasimama msichana wa nyuma, Ednah. "I can hear him, sir!" Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka benchi zote zikabaki tupu na darasa zima likawa linapaza sauti. Mwisho kabisa Mwalimu Salesio alisema polepole, "I can hear him too, sir."

Runji akainamisha macho. Mbele ya mashahidi arobaini, mkaguzi akamwamuru aandike pasi. Karatasi iliandikwa palepale, juu ya dawati la Ntinyari, na Ciakuthii akapanda gari akiwa na udongo wa handaki miguuni. Msimsifu sana mkaguzi yule. Gari lake lilikuwa linaelekea mjini vilevile, na handaki liliendelea kuchimbwa.

Hospitalini walisema ni kichomi, na kwamba siku moja zaidi ingekuwa kuchelewa. Siku ya tisa Bundi alirudi akiwa amekonda, lakini akilia kwa nguvu ya fahali. Ntinyari alimbeba akazunguka naye kijiji kizima. Kila nyumba ilitaka kukisikia kilio hicho!

Jioni ile Mwalimu Salesio alifika kwao, akakataa kigoda, akabaki amesimama mbele ya Ciakuthii.

"Mama Ntinyari, nisamehe. Kikohozi kile nilikisikia hapa kijijini kwa siku tatu. Kiingereza nilikuwa nacho, tena kuliko mtoto wako, lakini nikanyamaza nisije nikapoteza kazi."

Kisha akamgeukia Ntinyari. "Mimi nilikufundisha maneno, wewe umenifundisha kazi yake. Ukiona, sema umeona. Usipoona, usiseme kamwe, hata ukipigwa. Na mwenzako akisimama kusema kweli, usimwache asimame peke yake. Tulisimama tukiwa tumechelewa, mwanangu. Siku nyingine tutasimama mapema."