Kitanda Kilichoshikwa

Sipendi vyuo vinavyobandika matangazo kwenye kila nguzo ya stima, na nilimwambia dada yangu hivyo kabla hatujatoka Karatina. Phyllis hakunisikiliza. Masikio yake husikia bei ya viazi tu. Binti yake wa pekee, Ngendo, alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitaka kusomea uuguzi. Jumamosi hiyo vyuo viwili vilikuwa vimealika wazazi na watoto wao waje kujionea. Mimi nina kigari cha kubebea mboga, chenye viti vya nyuma pia, basi nikageuzwa dereva. Hakuna aliyeniuliza kama nina shughuli zangu.

Chuo cha kwanza, pale Nyeri mjini, kilitupendeza. Ngendo alipewa nafasi ya kupima shinikizo la damu la mamake, akacheka kwa furaha mpaka akaona haya. Lakini mabweni yalikuwa yamejaa. Angelazimika kukodi chumba mtaani, na aliposikia neno mtaani, Phyllis akafunga kibeti.

"Huyu ndiye niko naye peke yake," akasema. "Atalala ndani ya geti."

Tukaendelea hadi Mweiga, tukaipita, hadi pale ambapo mashamba yanakwisha na msitu wa Aberdare unaanza. Ukungu ulikuwa umeshuka ingawa ilikuwa mchana. Chuo cha pili kilikuwa kwenye majengo ya mawe ya zamani, na kilitupokea vibaya tangu mwanzo. Mlinzi alifungua geti bila salamu. Wanafunzi waliopita walimtazama Ngendo kuanzia viatu hadi nywele, kisha wakageuza nyuso. Nilimwambia Phyllis turudi. Akaniambia naogopa ukungu kama kuku.

Aliyetutembeza alikuwa msichana wa mwaka wa pili aitwaye Nekoye, mtu wa Bungoma, mwenye tabasamu la kweli. Alituonyesha maabara, maktaba, na jikoni kwenye sufuria kubwa za githeri. Tulipofika mlango wa bweni la wasichana tabasamu likaisha.

"Tuangalie haraka haraka tu," akasema.

Chumba cha mwisho kilikuwa na vitanda vinne. Wasichana watatu walikuwa wamekaa kwenye vitanda vyao, kimya, wala hawakutujibu tulipowasalimia. Kitanda cha nne, kilichokuwa chini ya dirisha, hakikuwa na mtu. Kilikuwa kimetandikwa vizuri. Katikati yake palikuwa na kitambaa cha kichwa, cha kijani kilichopauka, kimekunjwa, na juu ya kitambaa jiwe.

Mtu wa Karatina haelezwi maana yake. Sokoni mwetu mama hushika nafasi yake hivyo hivyo: anatandaza gunia chini, anaweka jiwe juu, anaenda zake. Hata mwizi haligusi. Na kama mwenyewe hajatokea jua likishawaka, aliye karibu huuliza majirani kwanza. Wakisema hatakuja, basi gunia linasogezwa pembeni kwa heshima na nafasi inapewa mwingine. Kuuliza ndiyo sheria yenyewe. Nimeona akina mama wakivuana vitambaa kwa sababu mmoja hakuuliza.

"Hiyo imeshikwa," Nekoye akanong'ona.

"Na nani?" Phyllis akauliza.

"Imeshikwa tu, mama. Twendeni."

Phyllis akapitisha kidole juu ya kitambaa. Kidole kikarudi na vumbi.

"Huyu hajalala hapa miaka. Ngendo, leta sweta."

"Mami, wacha tuulize."

"Tuulize nani? Wote wako hapa na hawaongei." Akawageukia wale watatu. "Si ni ukweli?"

Phyllis akaliinua jiwe, akakitupa kitambaa dirishani kama ganda la ndizi, akatandaza sweta ya Ngendo ya rangi ya samawati. Akaliweka jiwe juu yake.

"Sasa ni yetu."

Wale wasichana wakasimama kwa pamoja. Wakakunja magodoro yao, wakayabeba mabegani na kutoka mmoja mmoja. Wa mwisho alimtazama Ngendo kwa chuki ambayo sijawahi kuona kwa mtoto wa mtu. Nilipogeuka kumuuliza Nekoye, naye alikuwa ameondoka.

Tukaenda ukumbini kunywa chai. Phyllis alikuwa na furaha ya mtu aliyepata nafasi nzuri mbele ya soko. Ngendo akavuta kiti.

"Hapo kuna mtu," akasema mzee aliyekaa karibu, bila kuinua macho.

Akasogelea kiti kingine.

"Kuna mtu," akasema mama mwenye mtoto mgongoni.

Viti vilikuwa vitupu. Niliviona kwa macho yangu. Kila alichogusa, mtu fulani aliye karibu alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kuudhika, kama anayefukuza kuku. Ngendo akajaribu kucheka. Nikasimama nimpe changu.

"Keti hapa, mtoto wa dada yangu."

Alipoinama kukaa, mbao za kiti zikalia. Zikalia kabla hajazifikia.

Akaruka. Akaweka mkono kwenye kiti, akauondoa upesi.

"Anko," akasema polepole. "Kuna magoti."

Nikamshika mkono, nikamwita Phyllis, tukatoka. Phyllis alitufuata akilalamika chai imebaki. Kufika kwenye gari, yeye akatangulia kuingia kiti cha mbele. Nikamfungulia Ngendo mlango wa nyuma.

"Anko Ngatia, tafadhali niingie kabla kiti hakijashikwa," akasema.

"Si uingie basi?"

Hakuingia. Alikuwa anatazama ndani. Nami nikatazama.

Kitini alikaa msichana ameinamisha kichwa. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cha kijani.

"Phyllis," nikasema. "Geuka."

Dada yangu akageuka. Akamtazama aliye kitini. Akamtazama aliye nje. Nilingoja apige mayowe. Uso wake ukalainika, kisha ukawa mgumu, na ugumu huo ulikuwa wa kumwelekea mtoto wake mwenyewe.

"Hapo kuna mtu," akamwambia Ngendo. "Wewe ni wa nani?"

"Mami ni mimi."

"Ati mami? Ondoka kwa gari ya watu!"

Nilimkaripia. Nilimtikisa bega. Hakunisikia. Ngendo alikuwa analia bila sauti. Nikajua la kufanya, kwa sababu sokoni ndivyo tunavyofanya: ukiondoa gunia la mtu, unalirudisha pale pale na unaomba msamaha. Aliyepaswa kurudisha ni aliyeondoa. Lakini aliyeondoa alikuwa amefunga mlango wa gari na kupandisha kioo.

"Tutarudisha sisi," nikamwambia Ngendo.

Tulizunguka nyuma ya bweni kutafuta kitambaa chini ya dirisha. Majani marefu, umande, hakuna kitambaa. Ukungu ulikuwa mzito sasa. Kichwa cha Ngendo kilikuwa kimefunikwa na vitone.

"Acha nichukue sweta yangu tu," akasema. "Nikiitoa, labda ataniachia."

"Twende pamoja."

Nilikuwa nyuma yake. Nilimshika mkono kwenye korido ndefu ya bweni, na mkono wake ulikuwa baridi, nikaufinya, naye akaufinya wangu. Tulipofika mlango wa chumba akaniachia ili asukume. Akaingia. Mlango ukarudi kidogo. Nikausukuma mara moja.

Hakukuwa na mtu. Dirisha lina vyuma. Vitanda vitatu vilikuwa mbao tupu. Kwenye kitanda cha nne sweta ilikuwa imekunjwa vizuri, ingawa Phyllis aliiacha imetandazwa, na jiwe lilikuwa juu yake.

Nilivuta sweta. Haikuja. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, mimi ninayeinua magunia ya viazi. Kitanda hakikutikisika wala sufu haikukatika. Nilipoweka shavu karibu nilisikia mtu anapumua ndani ya godoro, kwa pumzi fupi, kama anayejizuia kulia.

Niliita watu. Nekoye alitokea mlangoni na hakuvuka kizingiti.

"Umuachie," akanong'ona. "Mpaka akuje mwingine asiyeuliza. Ndio wa ndani hutoka."

Niliporudi kwenye gari, Phyllis alikuwa akicheka na msichana aliyekaa nyuma. Msichana akainua kichwa. Alikuwa na uso wa Ngendo, hata kovu dogo kwenye kidevu.

"Anko umekawia," akasema.

Nilienda polisi mara mbili. Wakaja nyumbani, wakamkuta Ngendo akimenya viazi, wakaniambia nipunguze pombe. Mimi sinywi. Majirani wanasema msichana ametulia siku hizi, ana adabu, hataki tena habari ya chuo. Nilirudi kule Mweiga. Mlinzi alikataa kufungua geti.

Wiki jana nilimkuta Phyllis peke yake nyuma ya nyumba, akifua. Alikuwa anafua nguo za zamani za Ngendo, safi, zisizovaliwa na mtu. Nikamwambia anisikilize japo mara moja, twende pamoja, aombe msamaha yeye mwenyewe.

Hakuacha kufua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyamaza, Ngatia," akanong'ona. "Huyu atasikia. Akienda, nitabaki na nani?"

Nikaondoka bila kumuaga. Nilikuwa na hasira ya kuua.

Tangu Jumamosi ile kiti kilicho nyuma ya dereva, alichokalia Ngendo tukienda, hulowa kila usiku, upande mmoja tu, hata gari likiwa limefungwa na kiangazi kimekaza. Nimebadilisha kitambaa cha kiti. Nimebadilisha na sponji. Leo asubuhi nilichovya kidole kwenye yale maji nikaonja. Yana chumvi, na yalikuwa bado na joto.