Sauti kwenye Kadi ya Hubert

Fikirieni chumba cha mbao cha fundi simu mtaani Lumumba, hapa Bunia. Jua linazama. Mezani pana kompyuta moja, na simu inayowaka, inaonyesha nembo, inazimika... inawaka tena.

Mimi, mwalimu wa mtaa huo, nilikuwa nimemsindikiza jirani yangu Hortense. Simu ilikuwa ya mumewe Hubert, muuza samaki wa chumvi aliyeuawa njiani akitoka Tchomia, kule ziwani. Ndani yake mlikuwa na maneno aliyomrekodia mtoto wao kabla hajazaliwa. Sasa mtoto alilala mgongoni mwa mama. Hakuwahi kuisikia sauti ile.

"Papa Emery," Hortense alimwambia fundi, "hata telefone ikufe, haina neno. Miye nataka sauti tu."

"Tutaiflashi, mama. Tunatoa programu ya zamani, tunatia ya mupya."

Mstari wa kijani ulianza kutembea kwenye kioo cha kompyuta. Ukasimama.

"Erreur," Emery akasoma.

Akabadilisha kebo. Kosa lilelile. Akachaji betri, akatafuta faili nyingine inayolingana na simu ile. Mstari ukafika palepale, ukagoma.

"Kichwa nguvu sawa na Hubert mwenyewe," Hortense akacheka kidogo.

Emery hakucheka. "Imebakia njia moja. Kufuta vyote."

Hortense akashika meza. "Na sauti?"

"Usiogope. Sauti iko mu karte, hapana mu telefone. Sina telefone ingine ya kuisomea, ndiyo tunatengeneza hii. Angalia, minaitoa." Akaniwekea kadi ndogo kiganjani. "Mwalimu, shika nguvu."

Nikafumba mkono. Hortense akaitikia kwa kichwa. Emery akabonyeza.

Pikipiki za barabarani zikanyamaza, zote.

Kisha harufu... Samaki wa chumvi. Na mlango ulikuwa umefungwa.

Mstari ukapita pale ulipokuwa ukigoma. Ukafika mwisho. Simu ikawaka, tupu, kama mpya ya dukani.

Nikafumbua mkono. Kadi ilikuwa baridi, imelowa. Emery akaifuta kwa shati, akairudisha ndani ya simu. Mlikuwa na rekodi moja tu. Akaigusa.

Tukasikia sauti zetu wenyewe.

"Sauti iko mu karte, hapana mu telefone..." Kisha pumzi ya Hortense. Kisha kicheko cha mtoto, ambaye hakuwa ameamka hata mara moja.

Halafu mwanamume, karibu sana:

"Hortense... nani ananifukuza mu nyumba?"

Simu ikamponyoka Emery. "Ni yeye?" akanong'ona.

"Ni yeye." Hortense akarudi nyuma hatua moja. "Kwetu mu famille, roho ya marehemu inakaa mu vitu vyake. Hatutoi hata shati yake bila mukubwa kumwambia kwanza pahali anaenda. Siye hatukumwambia kitu."

"Na sasa yeye iko wapi?" Emery akauliza.

Ile harufu haikuwa tena mezani. Ilikuwa mgongoni mwa Hortense. Mtoto, akiwa amefumba macho, alikuwa akitabasamu.

Rekodi ya zamani haikupatikana. Emery husema labda kadi iliharibika, labda simu ilijirekodi yenyewe. Labda. Lakini kadi nilikuwa nimeishika mimi.

Siku hizi mtoto hana haja ya kadi. Jioni hucheka peke yake, hunyamaza kama anayesimuliwa jambo, kisha hucheka tena. Mama yake hukaa mlangoni, hathubutu kumnyanyua.

Nawaomba mkumbuke jambo moja tu, wapendwa. Kabla ya kufuta simu ya marehemu, mwambieni, kwa upole, mahali pa kwenda.