Kartoni, Wavu na Dirisha la Claudine

Kila Jumamosi Mama Dorothée aliosha madirisha. Alianza mapema, jua likiwa bado upande wa ziwa. Alisugua kioo kwa maji ya sabuni, kisha akakikausha kwa gazeti kuukuu mpaka kikalia kwii kwii.

Kwao Ubwari, kaskazini ya ziwa, madirisha yalikuwa ya mbao. Hapa Kalemie mwanawe Hubert alifanya kazi bandarini. Kazini walimwita sitoyeni, yaani raia, kwa kuwa serikali ilikataza majina ya Kizungu. Nyumbani mama yake alimwita Hubert, kama padri alivyombatiza. Hubert alikuwa amepewa nyumba ya zamani huko mlimani, yenye vioo vikubwa. Mke wake, Claudine, alikuwa karibu kuzaa, na Mama Dorothée alikuja kumsaidia. Tangu afike, vioo viling'aa, na yeye aliona fahari.

Lakini jambo moja lilimsumbua. Ndege walikuwa wakijigonga kwenye dirisha la chumba cha Claudine. Dirisha hilo tu. Wa kwanza alikuwa njiwa wa porini. Alianguka chini, mdomo wazi. Mama Dorothée alifanya kama wanavyomfanyia mtu aliyezimia kwao. Alimmwagia maji kichwani, akamtilia maji ya sukari mdomoni. Njiwa alitetemeka, akafa mkononi mwake. Wa pili alimwacha pale chini apumzike. Paka akamaliza habari.

"Wanakuja kwa mwenye mimba," alimwambia Hubert. "Wanakufa mbele ya dirisha lake. Hii haiko bure. Jumapili kuna boti ya Ubwari. Claudine atazalia kwetu."

"Mama, ni ndege tu."

"Njiwa alikufia mukononi mwangu, siyo mwako."

Claudine alikuwa akikunja kitenge polepole. Mama Dorothée alimtazama. Alijua mimba ya kwanza iliishaje: damu nyingi, na mtoto hakuishi. Alijua pia maneno ya mkunga wa materniti, wodi ya wazazi: safari hii Claudine asiende mbali na hospitali. Na ziwa siku zile lilikuwa na mawimbi ya kuwatapisha hata wavuvi. Lakini ndege wawili walikuwa wamekufa. Hofu hiyo ilimzidi nguvu.

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya boti, alipomaliza kuosha vioo, alikaa barazani kufunga mzigo wa safari. Mara akasikia: pu.

Alizunguka nyumba. Chini ya dirisha la Claudine alilala ndege mdogo. Mgongo wake ulikuwa wa bluu, tumbo rangi ya chungwa, mdomo mrefu na mwekundu. Mama Dorothée aliwajua ndege hao tangu utoto. Hukaa juu ya matete, kisha huchupa majini kukamata samaki. Baba yake aliwaita wavuvi wenzetu. Alikimbia kuchukua kopo la maji.

"Mama Dorothée, acha maji."

Alikuwa Mama Séraphine, jirani, amekuja kurudisha ungo. Mume wake, Papa Lambert, aliendesha treni miaka mingi. Kila walikohamishwa, walikaa katika nyumba za vioo kama hizi.

"Amezimia," alisema Mama Dorothée. "Nimutazame tu?"

"Amezimia, lakini siyo muntu. Ukimutilia maji mudomoni, yanaweza kuingia katika mapafu. Ukimulowesha, anashikwa na baridi. Claudine, mama, tuletee kartoni na kitambaa kikavu."

Claudine alileta kartoni tupu ya sabuni. Mama Séraphine aliitoboa matundu madogo kwa kisu, hewa ipite. Alitandika kitambaa ndani. Kisha akamfunika ndege kwa ncha ya kanga yake, akamwinua kwa mikono miwili bila kumbana kifua. Alimlaza ndani, akafunga kifuniko.

"Gizani?" aliuliza Mama Dorothée.

"Gizani. Kichwa chake kimegongwa. Akiona watu, anaogopa, anapigapiga mabawa, anajiumiza tena. Anataka giza na kimya. Hakuna chakula, hakuna maji. Tumuweke ndani, mbali na jua, mbali na moto, mbali na yule paka wangu."

"Kumbe ni paka wako."

"Ni wa Papa Lambert. Akiiba, ni wake."

Waliiweka kartoni juu ya kabati, wakanawa mikono kwa sabuni. Mama Dorothée alikwishainua mkono afungue kifuniko kidogo.

"Una maharagi kwenye moto?" aliuliza Mama Séraphine.

"Nimeyaweka sasa hivi."

"Yakiiva, ndipo tutafungua. Kabla ya hapo, hapana. Kuchungulia kunamurudisha nyuma."

Mama Dorothée alishusha mkono. "Na kama akifia mule ndani?"

"Wengine wanakufa, hata ukifanya vizuri. Sitakudanganya. Lakini ule muzigo wa barazani nimeuona: usifunge safari ya mutoto wa watu kwa sababu ya pumzi ya ndege. Njoo inje, nikuonyeshe kitu."

Walitoka. Mama Séraphine alimsimamisha kwenye majani, akamgeuza uso kuelekea dirisha la Claudine.

"Unaona nini?"

"Ziwa," alisema Mama Dorothée. "Mawingu. Ule muti wa avoka."

"Na ziwa liko wapi?"

Mama Dorothée aligeuza kichwa. Ziwa lilikuwa nyuma ya mgongo wake.

"Ndege naye anaona hivyo," alisema Mama Séraphine. "Anafikiri anaruka kuenda kwenye maji. Madirisha mengine yako chini ya baraza, yana kivuli. Hili la Claudine linatazama ziwa. Hawamufuati yeye. Wanafuata ziwa."

"Mbona zamani hawakujigonga? Claudine anasema wameanza juzijuzi."

"Zamani kulikuwa na vumbi. Claudine alikuwa muvivu wa vioo. Ndege walimushukuru."

Claudine, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akashika tumbo. Mama Dorothée hakucheka. Alitazama lile gazeti lenye maji aliloliacha barazani. Alikumbuka: njiwa alianguka siku ya kuosha. Wa pili pia.

Maharagwe yaliiva. Walibeba kartoni mpaka mwisho wa ua, mbali na dirisha. Mama Dorothée alifungua mwenyewe.

"Usimurushe juu," alinong'ona Mama Séraphine. "Ataenda akiwa tayari. Asipotaka, tutafunga tena tungoje."

Ndege alikuwa amesimama kwa miguu yake. Aligeuza kichwa huku na huku. Mama Dorothée alirudi nyuma hatua moja. Halafu kartoni ikawa tupu, na kitu cha bluu kikashuka mlima moja kwa moja kuelekea ziwani.

Hubert aliporudi, alikuta mzigo wa safari umefunguliwa na nguo zimerudi kabatini. Mama yake hakueleza mengi.

"Unitafutie wavu wa ndagala," alisema. "Hata uliochakaa."

Mama Séraphine alikuwa amemwambia: rido, yaani pazia la ndani, haisaidii sana, alama iwe inje. Wavu wa ndagala, yaani dagaa, una macho madogo, ndege hanasi. Waliufunga nje, mbali kidogo na kioo, wakauvuta mpaka ukakaza. Ungelegea, ndege angepita nao mpaka kwenye kioo.

Hubert alirudi nyuma kuutazama. "Tangu babu zetu, huu ndio wavu wa kwanza tunatega ili usikamate kitu."

"Kaza ule upande," alisema mama yake.

Claudine alizalia materniti ya Kalemie. Damu ilitoka nyingi tena, lakini mara hii wakunga walikuwa karibu, na dawa ilikuwapo. Alirudi nyumbani na mtoto wa kike, mwenye sauti kubwa.

Asubuhi moja, mtoto akiwa amelala kitandani chini ya dirisha lile, wavu ulitikisika. Claudine alishtuka, akaita.

Mama Dorothée alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Hakuinuka.

"Ni muvuvi mwenzetu," alijibu. "Amegusa wavu, amekwenda zake. Nyonyesha mutoto."