Barua Ishirini na Moja za Cephas

— Cephas, mimi nataka kuolewa na wewe, si na wakubwa wa dunia nzima!

Robi alilitupa bunda la barua mezani, katikati ya makopo ya rangi. Cephas, fundi wa kuandika mabango hapo Homa Bay, alishtuka hadi brashi ikamponyoka na kuchafua jina la hoteli.

— Robi! Si tulisema utakuja Pasaka?

— Pasaka utanikuta kwa Monari. Jumamosi baba anampa jibu.

Monari alikuwa karani wa chama cha ushirika kule Kegonga, mtu wa suti na adabu, naye alikuwa amemposa Robi. Robi alifundisha nasari hukohuko. Cephas alimjua mwaka wa 1994, alipoenda kuandika jina la shule ukutani, na tangu hapo hakupitisha mwezi bila kumtumia barua.

— Lakini nimekuandikia barua ishirini na moja!

— Umeandika wewe? Ngoja nikusomee.

Akafungua ya juu.

— "Mwanasayansi mmoja mashuhuri alisema mapenzi hayapimwi kwa rula." Hii nyingine: "Bingwa mmoja wa ndondi alisema mshindi hujulikana raundi ya mwisho." Na hii ya malkia, ati mume mvivu ni mzigo wa kujitwika! Nimesoma zote. Bingwa anasema nini, najua. Cephas anasema nini?

Cephas alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena.

— Mimi niliachia darasa la sita. Wewe ni mwalimu. Nikaona maneno yangu ni ya fundi wa jua kali tu, nikawa nakata ya watu wakubwa kwa magazeti.

— Nani alikuambia nilipenda watu wakubwa?

— Kwani ulipenda nini?

— Siku ile ya shule ulishuka ngazi mara tatu, ukaenda kukaa chini na watoto, uone kama herufi zinasomeka kutoka pale. Nikasema huyu ndiye.

Cephas akatupa kitambaa mezani. Halafu yakamtoka yote kwa mpigo.

— Gari la Migori, la kutoka kwenu, likifika stendi, naacha kazi nione nani anashuka. Wateja wanateta kila siku. Ulipougua malaria ukakosa kuandika, nilikosea jina la kanisa mara mbili, pasta akanifukuza. Usiende kwa Monari. Ukienda nitalia, Robi, na mimi ni mtu mzima.

Robi alicheka, machozi yakimtiririka.

— Nyinyi wanaume! Ungeandika hayo kwa barua ya kwanza, saa hii tungekuwa na mtoto.

Jumamosi Cephas alikuwa Kegonga, shati limepigwa pasi, amesimama mbele ya Mzee Gisiri, babake Robi.

— Monari ana mshahara. Wewe kijana una nini?

— Nina kazi ya mikono, mzee, na ng'ombe wawili. Wengine nitawatafuta. Robi nampenda. Siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo.

Mzee akamgeukia bintiye.

— Na wewe?

— Mimi nilishakubali, baba. Tangu juzi, Homa Bay.

— Sasa mnanisumbulia nini? Mama Robi, leta chai!

Monari aliambiwa ukweli siku hiyohiyo, akakasirika wiki mbili. Lakini harusini Desemba alikuja na suti yake, akala akashiba, kisha akacheza na Adhiambo, dadake Cephas, mpaka akavua viatu.